Bella Mair Yupi?

Jamesina hakukaa. Nasema hivyo kwa maana yake kamili: hakuwahi kukalia kigoda cha duka langu hata mara moja, na alipita humo kila asubuhi isipokuwa Jumapili kwa miaka ishirini na sita. Chai alikunywa wima, mkoba wa barua begani, macho mlangoni. Nikimsogezea kigoda ananiambia, "Acha, Netta. Miguu hii ikipoa haitawaka tena." Unamtazama yeye, unachoka wewe.

Mimi ni mwoka mikate wa Portlennoch, kijiji cha wavuvi, na kabla yangu alikuwa baba. Duka letu liko mtaa wa chini, ule wa baharini, na dirisha langu linatazamana na nyumba namba kumi na nne. Kumbuka hiyo namba, nitairudia.

Jamesina ni jina la mwanamume lililovishwa sketi. Babu yake James alizama na mashua yake, mwili haukupatikana, na kwetu mtu aliyechukuliwa na bahari lazima jina lake lipate wa kulibeba, maana kaburi hana. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kike. Hakuna aliyehangaika. Mchungaji akapachika mkia, James akawa Jamesina, wakanywa chai. Darasani kwetu tulikuwa na Williamina wawili, Andrewina mmoja na Adamina mmoja mwenye hasira, na mimi mwenyewe Netta ni kifupi tu. Kirefu chake sitakwambia.

Majina ya ukoo nayo ni kichekesho. Kijiji kizima kina matatu: Mair, Flett na Slater. Nilipokuwa shule ya msingi walikuwepo akina John Mair kumi na saba, na ukiita mmoja chakula kinapoa kabla hujampata unayemtaka. Ndiyo maana kila nyumba ina lakabu. Lakabu hujichagulii wala hupewi na mama yako. Inatoka mdomoni mwa watu siku usiyoitegemea, ikishika imeshika, na watoto wako wanairithi pamoja na sufuria. Inaandikwa kwenye daftari la wapiga kura, kwenye bahasha, na mwisho kwenye jiwe la kaburi, mbele ya Mungu na kila mtu.

Sisi tunaitwa Stoor, yaani vumbi, kwa ajili ya unga. Kuna akina Partan, maana yake kaa, kwa sababu mzee wao alivunjwa mguu na winchi akawa anatembea upande upande. Kuna akina Whaup, yule ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, na ukiona pua zao huhitaji kuuliza. Kuna akina Latin, ambao babu yao alimjibu mchungaji kwa neno moja refu ambalo hata yeye hakulijua. Na kuna akina Smout, yaani visamaki vichanga, watu warefu kuliko wote kijijini, wanainama milangoni. Kisa chao kimesahaulika, jina limebaki.

Na nyumba ya Jamesina iliitwa Wrang. Maana yake kosa.

Kisa cha hilo kila mtu alikijua, au tulidhani tunakijua. Ilikuwa Juni ya mwaka wa arobaini na moja, wakati wa vita. Wanaume walikuwa baharini kwenye meli za kufagia mabomu, na Bella, mama yake Jamesina, alishika mkoba wa posta kwa kuwa hakubaki mwanamume wa kuushika. Siku ya Alhamisi ikaja telegramu ya kifo. Juu yake imeandikwa, kwa herufi ya jina la mume kama ilivyo desturi: Bi J. Mair, mtaa wa chini, Portlennoch. Basi. Karani wa London atajua wapi habari za kaa na ndege? Wake wa John Mair wenye waume vitani walikuwa wawili mtaani: Jean, mke wa John Partan, na Elspet, mke wa John Whaup. Bella akaipeleka kwa Jean.

Jean alilia siku tatu. Alilia mpaka sauti ikakatika, na kwa kuwa Jean ni mtu wa vitendo, huku analia akagawa vitu vya marehemu: buti kwa huyu, suruali kwa yule, fidla kwa mke wa mchungaji. Nyumba ya nne kutoka kwake, Ijumaa, kulikuwa na harusi ya mdogo wake Elspet, na Elspet alicheza mpaka soli ya kiatu ikaachia. Jumatatu ikaja barua yenye maelezo kamili. Aliyekufa ni John Whaup. Elspet alikuwa mjane tangu Jumanne ya juma lililopita, na alikuwa amecheza.

John Partan aliporudi likizo mwezi wa nane alikuta hana nguo. Alizunguka nyumba kwa nyumba, "Samahani mama, nimefuata suruali yangu," na kijiji kikacheka kwa mara ya kwanza tangu vita ianze. Jean hakucheka. Ni yeye aliyesema neno Wrang kwanza, pale pale barabarani, Bella akipita na mkoba. Lakabu ya mume wa Bella ilikuwa nyingine, nzuri tu. Hii ikaimeza ndani ya wiki moja.

Jamesina alikuwa na miaka minne. Alikua nayo. Watoto wenzake walisimama mbele ya mlango wa choo cha shule wakamwimbia, "Wrang, Wrang, ni huu au ule?" Mimi nilikuwemo katika kuimba, sijisifu. Kisha akiwa na miaka kumi na mitano akaenda akaomba mkoba ule ule wa mama yake. Tulidhani amerukwa na akili. Kumbe alikuwa na jambo la kuthibitisha, na hakupumzika tena. Kila bahasha aliisoma mara tatu: akiitoa mkobani, akiwa getini, na mkono ukiwa mlangoni. Siku moja ya mvua ya barafu alirudi maili nne mpaka shamba la Braehead kuhakikisha kama orodha ya mbegu aliyoipeleka ilikuwa ya mzee au ya mwanawe. Ilikuwa ya mzee. Alishajua ni ya mzee. Alirudi hivyo hivyo.

Na kila asubuhi, mlangoni kwa Jean, yale yale.

"Umesoma vizuri, Wrang?"

"Mara tatu, Bi Jean."

"Soma ya nne."

Na anasoma! Miaka ishirini na sita. Mimi ningeshamrushia mkoba usoni, lakini mimi sina subira, ndiyo maana niko na unga.

Bella alifariki Oktoba ya mwaka wa sabini na nane. Alikuwa mwanamke mkimya, na kuhusu telegramu ile hakuwahi kujitetea kwa neno lolote, hata kwa binti yake. Tulimzika, na Jumanne Geddes mchonga mawe akaja kutoka mjini kuuliza maandishi. Alitaka jibu kabla ya Jumapili, maana baridi ikishaingia jiwe halichongwi hadi majira ya kuchipua.

"Isabella Mair," Jamesina akamwambia. "Tarehe mbili. Basi."

Geddes akakuna shingo. "Bella Mair yupi? Pale makaburini nimewachonga watano."

"Huyu wa sita."

"Dada, bila lakabu watu watamwekea maua mama wa mtu mwingine. Mimi naandika unachotaka, jiwe ni lako. Ila fikiri."

Alikuja kwangu. Alizunguka meza ya mikate kama mara kumi, akashika mkate, akauweka, akashika mwingine.

"Nunua au acha," nikamwambia, "unaniharibia."

"Sitaki lile neno juu yake, Netta. Amelibeba miaka thelathini na saba. Sasa alibebe mpaka ufufuo?"

"Ni jina tu. Mimi ni Vumbi, na sijafa."

"Wewe ni Vumbi kwa sababu ya unga! Unga ni halali! Mama yangu ni Kosa kwa sababu ya mtu aliyekufa." Akageuka mlangoni, akarudi. "Ningekuwa nimelifuta kwa miguu yangu. Nilidhani hivyo. Nikipeleka barua zote za dunia hii mahali pake, siku moja wataacha. Hawakuacha."

Nikamwambia ukweli tu, kwamba hakuna anayeweza kujivua lakabu, wanaoweza kuivua ni wale walioivisha.

"Basi nitakwenda kwa Elspet," akasema. "Yeye ndiye aliyekosewa kuliko wote. Akisema imetosha, nani atabisha?"

Alikwenda Alhamisi, nami ninayoyajua ya huko nimeyapata kwake. Elspet alikuwa anafuma sweta karibu na jiko. Bibi wa miaka sitini na sita, mgongo wima, hakuolewa tena.

"Kaa chini, mwanangu."

"Siwezi, Bi Elspet."

"Basi simama. Unataka nini?"

Jamesina akamwambia. Akasema jiwe, akasema Jumapili, akasema naomba. Sindano za Elspet zikasimama. Alitazama mikono yake muda mrefu, mpaka Jamesina akaanza kurudi nyuma kuelekea mlango kwa aibu.

"Geddes aje kwa Netta Jumamosi," Elspet akasema mwishowe. "Saa tatu asubuhi, foleni ikiwa ndefu."

Ni hilo tu. Jamesina hakulala siku mbili. Ijumaa alipitisha barua kama anayefukuzwa, na mimi nikaunguza trei nzima ya mikate ya siagi kwa kumfikiria.

Jumamosi saa tatu foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Jean alikuwa wa tatu, na John wake nyuma yake, ameshika kikapu. Geddes akaingia na vumbi la mawe hadi kwenye nyusi. Jamesina alisimama karibu na dirisha, mguu huu, mguu ule, mkono kwenye kamba ya mkoba. Elspet aliingia mwisho, na hakuenda kwenye foleni. Alikuja moja kwa moja hadi mezani kwangu, akageuka akawakabili watu.

Geddes akatoa kalamu sikioni. "Haya, mama zangu. Bella Mair yupi?"

"Subiri," Elspet akasema. "Kabla hujaandika. Jean, ni wewe hasa unayepaswa kusikia."

Jean akainua kidevu. "Nasikia."

"Siku ile Bella alikuja kwangu kwanza."

Niliacha kufunga mkate.

"Tulikuwa tunamjaribisha mdogo wangu gauni la harusi, dirishani. Nikamwona Bella getini, na bahasha mkononi. Mlijua wote bahasha zile. Akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Alikuwa ameshafungua komeo la geti, Jean. Nami nikafanya hivi." Akatikisa kichwa, kidogo tu, kama unavyomkatalia mtu chai ya pili. "Nikamgeuzia mgongo nikashika pini za gauni. Nilipotazama tena alikuwa ameshapita."

John Partan akafungua mdomo, na sote tulijua ni habari ya suruali.

"Nyamaza, John," Jean akasema.

"Jioni nikasikia ni John wako," Elspet akaendelea. "Namba ya askari ilikuwa kwenye telegramu. Namba ya mume wangu ilikuwa kwenye kitabu cha posho ya wake wa wanajeshi, kabatini kwangu. Ningekuja tukalinganisha, dakika tano. Sikuja. Nilisema moyoni, acha harusi ipite. Nikakusikia ukilia kupitia kuta za nyumba tatu, na nikacheza. Bella alijua. Alipoitwa Wrang alinijia mara moja tu, akaniambia, 'Usiseme, Elspet, wewe tayari una msiba.' Nami nikanyamaza miaka thelathini na saba, kwa sababu ilikuwa rahisi. Kosa lile ni langu."

Nilimtazama Jamesina. Kwa mara ya kwanza maishani mwake miguu yake ilikuwa imetulia, na hilo lilinitisha kuliko maneno yote. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia.

Jean alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nikajua sasa atapasua. Ana ulimi unaokata kamba, Jean, na alikuwa na haki.

"Mimi pia nilikuwa na kitabu cha posho," akasema polepole. "Kwenye droo ya juu. Siku tatu. Niligawa fidla ya mtu, sikufungua droo."

Kisha akamgeukia Geddes kana kwamba yeye ndiye amechelewesha foleni.

"Unangoja nini? Andika Bella Postie. Bella wa Posta. Alibeba ule mkoba miaka kumi na moja, mvua na jua, na hapa nani amewahi kuletewa barua isiyo yake zaidi ya mimi? Andika."

Geddes akatazama foleni. Kwetu jina likitamkwa mbele ya foleni ya mikate na asipatikane wa kubisha, limepita. Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja wa akina Smout alisema, "Bella Postie, eeh," kama aliyelijua siku zote, na Geddes akaandika.

Jean alichukua mikate yake akatoka bila kumtazama Elspet. John akamfuata, lakini mlangoni akasimama.

"Nilisikia ulicheza mpaka soli ikaachia."

"Ndiyo," Elspet akasema.

"John wako alipenda sana kucheza," akasema John, akavaa kofia yake akaenda.

Ungedhani imeisha hapo. Jiwe likachongwa, likasimamishwa kabla ya theluji, na Jamesina akaenda kulisoma mara tatu. Lakini sasa aliyekosa utulivu alikuwa Elspet. Alikuja dukani kila siku, hata siku asiyohitaji mkate, akasimama katikati ya watu akisubiri. Nilijua anasubiri nini. Alisubiri mtu amwite.

"Hawasemi, Netta," akaniambia siku moja, amekasirika. "Jina lile liko barabarani, halina mwenyewe. Ni langu. Kwa nini hawasemi?"

"Labda wamechoka nalo."

"Hawana haki ya kuchoka!"

Nilimwambia aende akafume. Kusema kweli alikuwa ananipa wasiwasi, anavyovua na kuvaa glavu yake tena na tena.

Jumatatu iliyofuata Jamesina aliingia, akapokea chai, akatoa kadi moja mkobani akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa kadi ya kawaida, upande mmoja picha ya bandari yetu wenyewe. Upande wa pili hakuna salamu, ni anwani tu: Bi Elspet Mair, Wrang, Namba 14, mtaa wa chini, Portlennoch. Na chini, kwa mwandiko ule ule ulionyooka, jina na anwani ya mtumaji, ambayo ni namba kumi na nne vile vile.

Mjanja yule bibi. Alijua kwamba lakabu ikishakuja na posta na mlango ukaipokea, imekuwa rasmi, na mlangoni kwake anapita posta mmoja tu, ambaye hajawahi kukosea.

Jamesina aliisoma. Akaisoma tena. Mara ya tatu hakuisoma, aliitazama tu.

"Nipe kalamu yako."

Nikampa ile ninayoandikia oda za keki. Akaegemea mezani, mkoba ukaning'inia, akaandika kukatiza anwani yote kwa herufi kubwa, kama kanuni za posta zinavyotaka: HAJULIKANI KWA JINA HILI. IRUDISHWE KWA MTUMAJI.

"Mtumaji ni yeye," nikasema.

"Najua."

"Na mlango ni ule ule."

"Najua, Netta. Nimepeleka barua hapo miaka ishirini na sita." Akaacha chai nusu, akatoka.

Nilikwenda dirishani na mikono yangu ya unga, sioni aibu kusema. Alivuka barabara, akafungua geti la namba kumi na nne, akagonga. Elspet akatokea. Akapokea kadi kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma, na akaendelea kusoma muda mrefu kwa maneno machache yale. Kisha akaweka kiganja machoni. Sikusikia walichosema, upepo ulikuwa mkali, lakini niliona mlango unafunguliwa mpaka mwisho na Jamesina anaingia na mkoba wake, na kupitia dirisha la jikoni nikaona mkoba unavuliwa begani na kuwekwa sakafuni.

Saa nne ikapita. Saa tano. Barua za kijiji kizima hazijafika. Jean akaja dukani kwangu amefura, shali imekaa upande.

"Posta iko wapi leo? Huyu Jamesina amepotelea wapi?"

Sikukosa kuona kwamba amemwita Jamesina.

"Posta ipo," nikamwambia. "Imekaa kidogo."